Sanduku la huduma ya kwanza likae kwenye mtumbwi, si nyumbani kwa tajiri

Ukimuuliza mvuvi wa Ikola anafanya kazi wapi, atakuonyesha ziwa. Hakuna geti, hakuna mlinzi, hakuna ukuta wa kubandika tangazo la usalama. Lakini ni mahali pa kazi kama kiwanda chochote. Kuna mwenye mali ambaye wavuvi humwita tajiri, kuna nahodha anayesimamia, kuna vijana wanaovuta nyavu, kuna injini, kuna petroli, na kuna watu wanaoumia.

Ikola ni kata iliyo mwambao wa Ziwa Tanganyika, katika Wilaya ya Tanganyika mkoani Katavi. Kutoka hapo hadi Mpanda mjini ni safari ya zaidi ya kilomita 100 kwa barabara. Mtu akikatwa na propela saa 8 usiku akiwa katikati ya maji, dakika zake za kwanza haziko mikononi mwa daktari. Ziko mikononi mwa mwenzake aliyekaa naye kwenye mtumbwi.

Ndiyo maana huduma ya kwanza kazini, jambo ambalo maofisini mijini huonekana kama sharti la kumridhisha mkaguzi, kwa familia za mwambaoni ni suala la nani atarudi nyumbani asubuhi na nani hatarudi.

Sheria inataka nini

Tanzania Bara ina Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003, ambayo ilichukua nafasi ya sheria ya viwanda iliyokuwapo tangu enzi za ukoloni. Inasimamiwa na Wakala wa Usalama na Afya Mahali pa Kazi, unaofahamika zaidi kama OSHA. Pamoja na mambo mengine, sheria inamtaka mwajiri asajili mahali pake pa kazi na ahakikishe wafanyakazi wanaipata huduma ya kwanza pale pale walipo.

Kimataifa, Mkataba namba 155 wa Shirika la Kazi Duniani (ILO) wa mwaka 1981 unasema mwajiri anapaswa kujiandaa kwa dharura na ajali, ikiwa ni pamoja na kuweka huduma ya kwanza ya kutosha. Mwezi Juni 2022 shirika hilo liliiingiza haki ya kufanya kazi katika mazingira salama na yenye afya miongoni mwa haki za msingi za mfanyakazi.

Kwa wavuvi upo mkataba wao wenyewe, namba 188 wa mwaka 2007. Huo unataka chombo cha uvuvi kiwe na vifaa vya matibabu vinavyolingana na kazi yake, na ndani yake awepo angalau mtu mmoja aliyefundishwa huduma ya kwanza. Mkataba huo unaruhusu nchi kuviacha nje vyombo vya kwenye maziwa na mito. Lakini maji hayasomi mikataba. Ziwa Tanganyika, ambalo ni la pili kwa kina duniani baada ya Baikal la Urusi, lina upepo na mawimbi yanayomtisha hata baharia wa bahari kuu.

Kwa lugha nyepesi, matakwa yote hayo yanasimama juu ya mafiga matatu. La kwanza ni vifaa. La pili ni mtu anayejua kuvitumia. La tatu ni njia ya kumfikisha majeruhi kwa mtaalamu. Figa moja likikosekana, chungu kinamwagika.

Sanduku lenyewe

Sehemu nyingi za kazi husimama kwenye figa la kwanza, tena kwa nusu. Sanduku linanunuliwa, linafungiwa kabatini nyumbani kwa tajiri au dukani kwake, na ufunguo anao yeye. Siku ya ajali tajiri yuko Mpanda na sanduku limejaa vumbi.

Sanduku la mtumbwini si lazima liwe lile la kiwandani lenye msalaba mwekundu. Ndoo ndogo ya plastiki yenye mfuniko unaobana inatosha, alimradi maji hayaingii na kila mmoja anajua ilipowekwa. Ndani yake viwemo glovu jozi kadhaa, bandeji pana na nyembamba, shashi safi, plasta, mkasi, sabuni, kitambaa kipana cha pembe tatu cha kufungia mkono uliovunjika, ukanda mpana wa kuzuia damu, tochi na blanketi au khanga nzito kavu. Ongeza kalamu na daftari dogo.

Vidonge vya kila namna visijazwe humo. Sanduku la huduma ya kwanza si duka la dawa, na dawa iliyokaa juani miezi sita inaweza kudhuru kuliko kusaidia. Kila kinachotumika kirudishiwe kabla ya safari inayofuata, na mtu mmoja apewe kazi hiyo kwa jina.

Gharama ndiyo kikwazo kinachotajwa kwanza. Kwenye uvuvi wa mgao, fedha ya mafuta na chakula hutolewa kwanza, kinachobaki ndicho kinagawanywa. Kijana akitaka kulizungumza jambo hili na mwenye chombo, anaweza kuanza hivi:

"Shikamoo tajiri."

"Marahaba, kijana wangu."

"Tajiri, tulikuwa tunaomba safari hii tukitoa hesabu ya mafuta, tutoe na ya sanduku la huduma ya kwanza, kabla ya mgao."

"Mafuta yenyewe yamepanda, unataka tununue na bandeji?"

"Ni kweli, tajiri. Lakini mtu akiumia tunarudi kabla ya samaki, na mafuta yameshaungua."

Hoja hiyo ya mwisho ni nzito. Safari iliyokatishwa kwa jeraha ambalo lingeweza kufungwa pale pale ni hasara kwa tajiri, kwa nahodha na kwa kila anayengoja ufukweni. Sanduku likihesabiwa pamoja na petroli, halibaki tena hisani ya mtu mmoja. Linakuwa sehemu ya kazi.

Aliyezama akitolewa majini

Taarifa ya Shirika la Afya Duniani (WHO) iliyotolewa Desemba 2024 ilikadiria kuwa watu 300,000 walikufa maji duniani mwaka 2021, na takriban 9 kati ya kila 10 walikuwa katika nchi za kipato cha chini na cha kati. Kwa hiyo kama kuna somo moja la kuanza nalo Ikola, ni hili.

Mtu akianguka majini, usiruke kumfuata. Anayezama humshika mwokoaji kwa nguvu zake zote na wote wawili huzama. Mtupie kamba, dumu tupu lililofungwa mfuniko, au mnyooshee kasia.

Akishapandishwa, mwite na mtikise bega. Hajibu? Mlaze chali mahali pagumu, inua kidevu chake ili njia ya hewa ifunguke, kisha tazama kifua na sikiliza pumzi kwa muda usiozidi sekunde 10. Kama hapumui au anatweta kwa mbali kama samaki aliyetolewa majini, bana pua yake, funika mdomo wake kwa mdomo wako na umpulizie pumzi 2 hadi 5, ukiona kifua kikiinuka. Aliyezama kimsingi amekosa hewa, ndiyo maana kwake pumzi huja kwanza.

Halafu weka viganja vyako viwili, kimoja juu ya kingine, katikati ya kifua. Bonyeza kwa nguvu kiasi cha sentimita 5 kwa mtu mzima, mara 30, kwa kasi ya mara 100 hadi 120 kwa dakika. Mpulizie pumzi 2, endelea na 30 nyingine. Mkiwa wawili pokezaneni kila baada ya dakika 2 kwa sababu kazi hiyo inachosha. Msiache mpaka apumue au mmfikishe kwa mhudumu wa afya.

Yapo mambo ambayo yamezoeleka na yanaua. Kumning'iniza kichwa chini, kumkamua tumbo au kumlaza juu ya pipa na kumviringisha ili "atoe maji" kunapoteza dakika ambazo ubongo unahitaji hewa, na matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Maji yaliyo tumboni hayamuui. Kinachomuua ni kukosa hewa.

Akianza kupumua lakini hajazinduka, mlaze ubavu. Mvue nguo zilizoloa, mfunike. Hata kama anacheka na kuomba chai, apelekwe zahanati siku hiyo hiyo, kwa kuwa mapafu yaliyoingiwa maji yanaweza kumletea shida saa kadhaa baadaye.

Damu, moto na ndoano

Kwa jeraha linalovuja damu nyingi, dawa ya kwanza ni mkono wako. Vaa glovu, weka kitambaa safi juu ya kidonda, gandamiza kwa nguvu dakika 10 bila kufunua kuchungulia. Kikilowa, ongeza kingine juu yake. Kama ni mkono au mguu na damu inaruka licha ya kugandamiza, funga ukanda mpana juu ya jeraha, upande wa kuelekea mwilini, uukaze mpaka damu isimame na uandike saa uliyofunga. Kamba nyembamba ya nyavu isitumike, inakata nyama. Petroli, oili ya injini, majivu na unga wa kahawa havina kazi kwenye kidonda.

Ndoano iliyozama kwenye nyama au karibu na jicho isivutwe. Kata kamba yake, izungushie kitambaa isitikisike, umpeleke mtu zahanati. Huko aulizwe pia kuhusu chanjo ya pepopunda, kwa sababu kidonda kidogo chenye uchafu kinaweza kuileta.

Moto una njia mbili za kuingia kwenye kazi hii. Ya kwanza ni petroli inayomiminwa karibu na sigara au taa ya karabai. Ya pili iko nchi kavu, kwenye majiko ya kukaushia samaki kwa moshi, ambako wanawake hufanya kazi na watoto wakiwa pembeni. Nguo ikishika moto, mtu asikimbie. Alale chini na abiringike. Kisha sehemu iliyoungua imwagiwe maji safi ya baridi kwa dakika 20. Pete na bangili zivuliwe mapema kabla mkono haujavimba. Funika kwa kitambaa safi kisicho na manyoya. Dawa ya meno, mafuta ya kula, unga na yai vinabakiza joto ndani na kumpa mhudumu wa afya kazi ya kuvikwangua. Malengelenge yasitumbuliwe.

Wanaofanya kibarua mashambani nao wana hatari yao, nyoka. Aliyeumwa atulizwe, mguu au mkono ulioumwa usichezeshwe, abebwe na asitembezwe. Msimchanje wembe, msinyonye sumu na msimfunge kamba ya kuzuia damu. Ule ukanda ni wa damu inayoruka tu.

Mtu mmoja hatoshi

Mwambao huu una historia yake ya kuonyesha thamani ya mtu aliyefundishwa. Karema, jirani na Ikola, ndiko alikotumikia Adrian Atiman, aliyezaliwa Afrika Magharibi, akatekwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa na Wamisionari wa Afrika na kupelekwa Malta kujifunza utabibu. Alifika mwambao huu mwishoni mwa miaka ya 1880 akatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Watu walimfuata kwa sababu alikuwa karibu na alijua la kufanya.

Leo zipo zahanati na vituo vya afya, na Bandari ya Karema imejengwa, kwa hiyo makuli na mafundi wameongezeka mwambaoni. Lakini mtaalamu mmoja hawezi kupanda kila mtumbwi. Kinachowezekana ni kila chombo kuwa na watu wawili waliofundishwa, maana aliyefundishwa akiwa ndiye aliyeumia, nani atamhudumia?

Mafunzo hayo yapo. OSHA huyatoa kwa waajiri na wafanyakazi. Chama cha Msalaba Mwekundu Tanzania, kilichoanzishwa kisheria mwaka 1962, nacho hufundisha huduma ya kwanza. Mganga wa zahanati anaweza kuombwa na kikundi cha usimamizi wa uvuvi ufukweni, BMU, aje mwaloni kwa saa mbili na kuwaonyesha watu kwa vitendo.

Muda pia upo. Wavuvi wa taa hupumzika siku za mbalamwezi, wakati mwanga wa taa haumvuti dagaa. Siku hizo mitumbwi iko mchangani na vijana wanashona nyavu. Kuna pia kipindi cha kupumzisha ziwa. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kwa miezi mitatu, kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15, ili samaki wazaliane. Kipindi kama hicho ni kigumu kwa mfuko wa nyumbani, lakini ni darasa lisilo na kisingizio cha "tunawahi ziwani".

Mafunzo yasiishie kwa wanaume. Mama anayeanika dagaa, dada anayepika chakula mwaloni na kijana wa bodaboda ndio wa kwanza kumpokea majeruhi anapofikishwa ufukweni. Wote wanahitaji kujua kulaza mtu ubavu na kugandamiza damu.

Njia ya kwenda hospitali

Figa la tatu husahaulika mpaka siku yenyewe. Kabla ya msimu, mwenye chombo na BMU wakubaliane gari la nani litatumika, mafuta yatalipwa na nani na namba ya nani itapigwa. Namba hizo ziandikwe ndani ya mfuniko wa ndoo ya huduma ya kwanza, pamoja na ya zahanati, 112 ya dharura ya polisi na 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Simu ya nahodha ifungwe kwenye mfuko usioingiza maji. Aliyeumia shingo au mgongo asipakizwe kwenye bodaboda akiwa amekalishwa katikati ya watu wawili. Abebwe amelala juu ya ubao.

Kwa majeraha ya ajali, fomu ya polisi ya PF3 inaweza kuulizwa hospitalini. Mtu mmoja aende kuifuatilia polisi wakati wengine wanaondoka na majeruhi. Fomu itamkuta huko.

Daftari lile la kwenye ndoo nalo lina kazi yake. Andikeni tarehe, saa, aliyeumia, ilivyotokea, alichofanyiwa na waliokuwepo. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, unaomlipia mfanyakazi aliyeumia au kuugua kutokana na kazi, na mchango wake hutolewa na mwajiri, haukatwi kwenye mshahara. Vijana wengi wa mtumbwini hawana mkataba wa maandishi, na hapo ndipo familia hubaki na mzigo: matibabu, chakula na ada za watoto, huku aliyekuwa akileta fedha amelala. Kumbukumbu iliyoandikwa siku ya ajali ni silaha ya familia hata pale ambapo mambo mengine yote yalifanywa kwa mdomo.

Yapo mengi ambayo mwananchi wa Ikola hawezi kuyaamua mwenyewe, kama barabara, gari la wagonjwa au idadi ya wakaguzi. Lakini maswali matatu yako ndani ya uwezo wa mke, mzazi au mtoto mkubwa kumuuliza anayekwenda kazini jioni ya leo, iwe ni ziwani, shambani, gereji au kwenye mashine ya kukoboa mpunga. Sanduku liko wapi? Nani kati yenu anajua kulitumia? Mkiumia, mtapita njia gani kufika kwa mganga? Asiyeweza kujibu hata moja, basi mazungumzo na tajiri wake yaanze kabla ya safari ijayo.